Meja aliyepiga deki nyumba za wazee

Mwaka 1955, meja mmoja wa jeshi la Uingereza, Richard Carr-Gomm, aliacha jeshi. Akaenda Bermondsey, kartie ya London karibu na bandari, kusafisha nyumba za wazee bila mshahara. Meja kupiga deki! Watu walishangaa.

Alichokikuta humo hakikuwa njaa. Wazee walikuwa na paa na chakula, ila siku zilipita bila mtu kuwapigia hodi. Familia zilizolala kambini zinalijua jambo hilo: mzee anapimiwa unga, lakini hana mlango wake wala mtu wa kuongea naye.

Mwaka 1956 alinunua nyumba katika barabara ya Eugenia kwa pauni 250 alizopewa alipotoka jeshini, akawaalika wazee wapweke wachache. Hakuwapanga vitanda kwa mstari kama hospitalini. Kila mmoja alipata chumba chake, akaingia na vitu vyake. Chakula walikula meza moja. Shirika la Abbeyfield lilianzia hapo. Meja mwenyewe aliishi humo pamoja nao, akiwapikia na kufagia.