Kutibu Maji Si Kuyasafisha

Katika hotuba za viongozi na kwenye mabango ya miradi, maji yana sifa mbili ambazo ni kama chanda na pete: safi na salama. Tumezisikia pamoja kwa muda mrefu hata tunazichukulia kuwa neno moja lililorudiwa kwa kutia mkazo. Sivyo. Usafi wa maji huthibitishwa na jicho, pua na ulimi: hayana tope, hayanuki, hayana ladha ngeni. Usalama wake huthibitishwa na maabara, au na mwili wa mnywaji, baada ya siku mbili tatu ikiwa ni kipindupindu, na baada ya miaka ikiwa ni madini. Lugha yetu basi ilikwishatenganisha mambo haya mawili, ila tukifika dukani tunayachanganya tena. Mtu anayemalizia nyumba yake mpya huuliza "mashine ya kusafisha maji", naye muuzaji humpa mashine inayosafisha kwelikweli, kisha familia inakunywa maji maangavu yasiyo salama. Hoja yangu ni kwamba istilahi inayomfaa mwenye nyumba ni kutibu maji, na kwamba uchaguzi huu si wa wanaisimu peke yao, kwa kuwa unagusa fedha zake na meno ya watoto wake.

Tuyapime kwanza maneno yanayoshindana. Kuchuja ndilo la jikoni, na kila aliyekamua nazi kwa kifumbu au kumimina chai kwenye kichujio analijua: kikubwa hubaki juu, kidogo hupita. Ni neno zuri kwa kazi yake, lakini limetanuliwa mno. Magazeti ya Tanzania huandika kwamba wilaya fulani imejengewa "chujio", maana yake mtambo mzima ambamo maji hutiwa shabu ili tope ligandamane, hutuama, hupitishwa kwenye mchanga, kisha hutiwa klorini. Hatua moja tu kati ya hizo ndiyo kuchuja. Klorini haichuji kitu. Mwananchi akizoea kuuita mtambo wote chujio, si ajabu akaamini kwamba chujio la mezani kwake nalo linafanya yote yanayofanyika kwenye mtambo kama wa Ruvu Juu. Kutakasa lina heshima yake, lakini limeshika njia ya ibada, na huko lina mizani nyingine. Mwislamu anajua kwamba maji ya bahari ni tohara na yanafaa kwa udhu, wala hakuna anayefikiri kwa sababu hiyo kwamba yanafaa kunywewa. Kusafisha limebaki kuwa neno la wote, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Mtu husafisha kile anachokiona kuwa kichafu. Akikiona kinang'aa, huacha.

Kutibu limetoka kwenye shina la Kiarabu lililotupa pia tiba, tabibu na matibabu. Wako wanaolikataa wakisema ni "treat" ya Kiingereza iliyovishwa kanzu, kwamba maji hayaugui na kwa hiyo hayatibiwi. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama watumiaji wa Kiswahili wasingekuwa wamekwishaamua wenyewe. Klorini ya chupa au ya vidonge inaitwa nini mitaani? Dawa ya maji. Maji ya bomba yakinuka klorini, watu husema yametiwa dawa. Hata mbao na nguzo za umeme zilizokingwa na mchwa tunasema zimetiwa dawa. Ukishakubali kwamba maji yana dawa, huwezi kushangaa kwamba yanatibiwa. Pingamizi la pili ni la sikio: Kiswahili kina kutibua, yaani kuvuruga maji mpaka tope la chini lipande juu, na irabu moja tu ndiyo inayotenganisha maneno haya yenye maana zinazokinzana. Maji yaliyotibiwa ni ya kunywa. Yaliyotibuliwa hata ng'ombe huyasubiri yatulie. Nakubali kwamba mtangazaji anaweza kuteleza, lakini lugha inaishi na jozi za namna hii kila siku, na muktadha hutosha kuzitenga.

Kinachonifanya nilishikilie neno hili ni kile linachokibeba nyuma yake. Hakuna tiba bila kipimo. Anayemeza dawa kabla ya kujua anaumwa nini hutafutiwa neno la kumkanya, lakini anayefunga mashine ya maji kabla ya kuyapima maji hupongezwa kwa kujali familia. Neno kutibu linamlazimisha muulizaji aanze na swali sahihi: maji haya yana tatizo gani?

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye miteremko ya Mlima Meru. Miamba ya volkano ya huko, kama ilivyo sehemu nyingi za Bonde la Ufa nchini Tanzania, Kenya na Ethiopia, huachia floraidi ndani ya maji ya chini ya ardhi na ya chemchemi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka kadhaa iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa kufunga kila chanzo kilichopita 1.5 kungewaacha watu wengi bila maji kabisa. Vyanzo kadhaa vya Arumeru, kwenye miteremko hiyo, hupita kiwango hicho mara nyingi. Maji yenyewe ni maangavu na baridi, hayana harufu wala rangi. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya utu uzima yanajijenga ndani ya ufizi huja kuyaotesha yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki, na floraidi ikizidi kwa miaka mingi hufika kwenye mifupa. Sasa tazama mashine ya kusafisha inavyofanya hapa. Kichujio cha udongo wa kuchoma huzuia bakteria, lakini floraidi imeyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi, nayo inapita. Klorini huua vijidudu na kuiacha ilivyo. Kuchemsha, ushauri tunaoupenda kuliko wote, kunazidisha tatizo kidogo, maana mvuke huondoka na floraidi hubaki sufuriani ndani ya maji yaliyopungua. Familia iliyofanya yote matatu kwa bidii imesafisha, wala haijatibu.

Dawa ya ugonjwa huo ipo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeeneza mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa tanuruni kwa hewa kidogo, husagwa kuwa punje, na maji hupitishwa humo polepole. Madini ya mfupa huinasa floraidi, yale yale yanayoinasa ndani ya mwili wa mtu. Mkaa huo hushiba, na ukishashiba hauna tofauti na kokoto, kwa hiyo mwenye nyumba lazima apime tena na kuubadilisha. Wapo ambao kwa sababu za dini wanataka kuhakikishiwa ni mifupa ya mnyama gani, na ni haki yao kuuliza na kujibiwa kabla ya kununua.

Hamia pwani, ugonjwa unabadilika. Kisima kirefu karibu na bahari mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Kwingine maji ni magumu, sabuni haitoi povu na birika linaota ukoko mweupe. Ukoko huo ni kalisi na magnesi. Unaharibu hita na vichwa vya bomba la mvua, haumdhuru mnywaji. Tiba yake ni kulainisha, neno lililokwisha kaa vizuri shuleni. Kwa chumvi, fundi atataja osmosisi kinyume, na hapa istilahi inahitaji maelezo badala ya kuogopwa. Ukikata vitunguu vya kachumbari na kuvinyunyizia chumvi, baada ya dakika chache bakuli lina maji: yametoka ndani ya kitunguu, yamepita kwenye utando wa seli, yakafuata chumvi. Hiyo ni osmosisi. Mashine hutumia pampu kuyasukuma maji kinyume cha tabia yake, kutoka upande wenye chumvi kwenda upande usio nayo, na utando huzuia sehemu kubwa ya chumvi, floraidi pia. Kinyume ndicho kiini cha neno, kwa hiyo wanaopendekeza "uchujaji wa hali ya juu" wanatupotezea maana. Uzito wa istilahi unavumilika ikiwa inaeleza jambo linavyotendeka. Ndiyo sababu naipenda pia urujuanimno, mwanga uliopita urujuani, ambao taa yake huviharibu vijidudu visizaliane, mradi maji yawe maangavu na umeme usikatike. Mwanga huo hauachi kinga yoyote nyuma. Maji yakiingia kwenye ndoo chafu, kazi imepotea. Klorini kidogo ikibaki majini huendelea kulinda.

Atakayeuliza kwa nini tusinunue osmosisi kinyume kwa kila nyumba tukamaliza ubishi, anastahili jibu. Mashine nyingi za nyumbani humwaga lita tatu au zaidi kwa kila lita moja inayonyweka. Anayenunua maji ya boza atakuwa analipia nne anywe moja, ingawa hizo za kumwagwa zinaweza kupiga deki. Utando unataka presha na umeme, na aina nyingi huliwa na klorini, kwa hiyo lazima mkaa wa kichujio, si ule wa mifupa, uitoe kwanza, na ukiitoa umeyaondolea maji mlinzi wake. Yote hayo yana maana pale chumvi au floraidi imepimwa ikapatikana. Mahali ambapo ugonjwa ni vijidudu tu, chupa ya klorini na dakika 30 za kusubiri mara nyingi zinatosha. Hata hapo muuzaji wa osmosisi kinyume anaweza kuchovya kalamu ya kupimia kwenye glasi na kukuonyesha tarakimu ikishuka. Kalamu hiyo husoma jinsi maji yanavyopitisha umeme, yaani jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Haikuambii ni chumvi gani, wala haioni bakteria hata mmoja.

Kwa anayejenga, kuna jozi nyingine ya istilahi inayofaa kuzoeleka: tiba ya langoni na tiba ya bombani. Ya langoni hufungwa pale maji yanapoingia nyumba nzima, nayo inafaa kwa tope na ugumu. Ya bombani hufungwa kwenye bomba moja la jikoni, kwa maji ya kunywa na kupikia peke yake. Floraidi na chumvi nyingi vinatibiwa bombani. Hakuna sababu ya kuvitoa kwenye maji ya choo. Kuta zikiwa bado hazijapigwa plasta, ni kazi ndogo kumwambia fundi bomba aache bomba la pekee hadi chini ya sinki, nafasi ya mashine, soketi na njia ya maji yanayomwagwa. Baada ya vigae kubandikwa, kazi hiyo hiyo ni nyundo na vumbi.

Ombi langu kwa mwenye nyumba mpya ni hili. Kabla ya kulipia mashine yoyote, chukua maji ya chanzo utakachokitumia, uyapeleke maabara ya ubora wa maji, wakati wa kiangazi na tena masika, kwa sababu kisima hubadilika. Omba vipimo vya vijidudu, chumvi, ugumu na, ukiwa ukanda wa volkano, floraidi. Kisha nenda dukani na karatasi ya majibu mkononi, umwonyeshe muuzaji mstari uliozidi kiwango, na umuulize mashine yake inafanya nini kwa mstari huo: inachuja, inaua, inalainisha au inaondoa. Akikujibu kwamba inasafisha, usilipe bado.