"Gito l'ingrat" na Historia ya Sinema Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Historia ya sinema katika Kivu haiwezi kutenganishwa na kazi ya wamisionari. Katika miaka ya 1950, Mapadri Weupe, akiwemo Padri Roger De Vloo, walitengeneza filamu huko chini ya jina la Africa Films, wakati Padri Albert Van Haelst akiwachekesha watu wa Kasai kwa visa vya Matamata na Pilipili. Tangu mwaka 1945 utawala wa Kibelgiji uliwaruhusu Wakongo kutazama tu filamu zilizopitishwa na tume ya uchunguzi. Hivyo Mwafrika alitokea katika picha hizo kama mwanafunzi wa kuonywa. Aliyeshika kamera alikuwa mgeni.

Mabadiliko yalitokea ng'ambo ya Ruzizi, Bujumbura, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 30 kutoka Uvira kwa barabara. Mwaka 1992 Léonce Ngabo, ambaye ni mwanamuziki pia, alitoa "Gito l'ingrat", yaani Gito asiye na shukrani. Hiyo ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya kubuni ya Burundi.

Gito, anayeigizwa na Joseph Kumbela, anarudi kutoka Paris akiwa na shahada, na anaamini kwamba kiti cha uwaziri kinamngoja. Amemwacha huko mpenzi wake Christine kwa ahadi ya kumwita mambo yatakapokuwa tayari. Uwaziri haupatikani. Anarudiana na Flora, mpenzi wake wa zamani, na punde Christine anawasili. Wanawake hao wawili, badala ya kugombana, wanaungana kumpa Gito funzo. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Hapa punda ndiye anayerudishiwa mateke yake.

Kichekesho hicho kinabeba hoja nzito. Kinauliza msomi anawiwa nini na waliomlea na kumngoja, na kama shahada ni chombo cha kazi au ni tiketi ya ukubwa. Onyo linatolewa safari hii na mwana wa nchi kwa wenzake, wala halimdhalilishi yeyote.

Filamu hii ilifunikwa na matukio. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa. Vita vikaanza, na wakimbizi wengi wakavuka hadi Uvira. Mwezi Oktoba 1996 vita vikaifikia Uvira yenyewe. Kwa hiyo picha za Ngabo zimebaki kumbukumbu ya Bujumbura katika kipindi kifupi kabla ya maafa, wakati watu wake walipoweza kujicheka.

Kuanzishwa kwa tamasha la filamu la FESTICAB mjini Bujumbura mwaka 2009, ambalo Ngabo alishiriki kuliasisi, kulionyesha kwamba mbegu ile haikufa. Hata hivyo, filamu inazungumza Kifaransa na Kirundi. Kirundi kinafahamika katika Bonde la Ruzizi, lakini lugha inayowaunganisha watu wa Uvira, Fizi na Kigoma ni Kiswahili. Kuitafsiri kwa Kiswahili ni kazi inayowafaa wanafunzi wa isimu wa eneo hili, na ingewarudishia wakazi wa ziwa hili kicheko ambacho vita viliwanyang'anya.