Kitabu cha kwanza cha Kemia kisiwe kikwazo

Kila mwaka ifikapo Januari, wazazi wenye watoto wanaoingia kidato cha kwanza huhangaika na orodha ndefu ya mahitaji ya shule. Kuna sare, viatu, madaftari, na mwishoni kabisa kuna vitabu. Makambako, pale barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya inapoachana na ile ya kwenda Njombe na Songea, mzazi aliyekwisha kuuza magunia yake ya viazi husimama mbele ya duka la vifaa vya shule na kuuliza: Je, ni kitabu kipi cha Kemia kitakachomfaa mtoto ambaye hata jina la somo lenyewe ni geni kwake?

Swali hili laweza kuonekana dogo. Lakini fedha ya mzazi huyo inatosha kitabu kimoja, si vitatu. Na mtoto akishindwa Kemia, milango mingi hufungwa mbele yake. Mwombaji wa stashahada ya uuguzi, kwa mfano, hutakiwa awe amefaulu Kemia, Biolojia na Fizikia katika kidato cha nne. Udaktari, ufamasia na kilimo cha kitaalamu navyo vinapitia humo humo. Hivyo yafaa tuitazame historia ya kitabu cha kwanza cha Kemia, maana sehemu muhimu ya historia hiyo inamhusu mtu wa Njombe.

Tuanzie mbali kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 19, mama mmoja wa London, Jane Marcet, aliandika kitabu cha Kemia kwa watu wasiojua lolote juu ya elimu hiyo. Hakukipanga kama hotuba ya profesa. Alikipanga kama mazungumzo ya mwalimu na wasichana wawili, ambao waliuliza maswali yale yale ambayo kila anayeanza angependa kuuliza. Kitabu hicho kilifika kwenye karakana ya kujalidi vitabu, alikokuwa akijifunza kazi kijana maskini aliyeitwa Michael Faraday. Kijana huyo hakuwa na shule kubwa, lakini alisoma, akayajaribu mwenyewe yale aliyoweza kuyajaribu, akaona kwamba ni kweli. Baadaye Faraday aligundua benzini mwaka 1825, na katika miaka ya 1830 akatoa kanuni za namna umeme unavyochambua kemikali. Alipokuwa mtu mkubwa hakuacha kumtaja Bibi Marcet kuwa ndiye mwalimu wake wa kwanza.

Mfano wa pili unatoka Urusi. Mwaka 1867 Dmitri Mendeleev alishika kiti cha uprofesa wa Kemia katika Chuo Kikuu cha St Petersburg, akaona hakuna kitabu kilichowafaa wanafunzi wake katika lugha yao ya Kirusi. Akaamua kukiandika. Juzuu ya kwanza ilipokwisha, alikuwa ameeleza elementi chache tu, na zilizobaki zilikuwa nyingi mno. Azipange vipi ili mwanafunzi asipotee? Kwa kulitafutia jibu swali hilo la mwalimu, mwaka 1869 alitoa jedwali la elementi, ambalo leo limebandikwa katika maabara za shule duniani kote. Jedwali hilo, ndugu msikilizaji, lilizaliwa wakati mwalimu akihangaika kumwandalia anayeanza kitabu cha kueleweka.

Sasa turudi nyumbani. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, mitihani ya sekondari ilikuwa ikitoka Cambridge, na vitabu navyo vilitoka huko huko. Wengi waliosoma Kemia katika miaka iliyofuata wanayakumbuka majina ya Holderness na Lambert. Kitabu chao kilikuwa kizuri na chenye mpango, lakini kiliandikwa kwa mtoto anayeota kwa Kiingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Kenya, Uganda na Tanzania zilishirikiana katika mradi wa sayansi ya shule uliochukua fikra kutoka mradi wa Nuffield wa Uingereza, ambao ulitaka mwanafunzi ajaribu kwanza kwa mikono yake, ndipo asome maelezo. Fikra hiyo ilikuwa njema. Ila ilidai maabara, kemikali na walimu waliofundishwa vizuri, mambo ambayo hayakupatikana kila mahali. Mwaka 1973 tulianzisha Baraza letu la Mitihani, na mwaka 1975 ikaundwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ambayo tangu 1993 inaitwa Taasisi ya Elimu Tanzania.

Mitihani ikawa yetu na mitaala ikawa yetu. Lugha je?

Hapo ndipo anapoingia mtu wa Njombe. Mwaka 1980 Mwalimu Nyerere aliunda Tume ya Rais ya Elimu na kumkabidhi uenyekiti Ndugu Jackson Makweta, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mbunge wa Njombe Kaskazini, jimbo ambalo wakati huo lilijumuisha Makambako. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1982. Miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwamo hili: kuanzia mwaka 1985, masomo ya sekondari yaanze kufundishwa kwa Kiswahili, kuanzia kidato cha kwanza. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Hoja zake hazikuwa za kubezwa: Kiingereza ni lugha ya dunia, na vitabu vya kutosha vya Kiswahili havikuwapo. Makweta alifariki mwaka 2012, na Kemia ya sekondari ingali inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza.

Lakini tuone matokeo yake kwa mtoto wa shule ya msingi ya kawaida. Kwa miaka saba amejifunza Sayansi kwa Kiswahili. Anajua kutu, anajua mvuke, anajua chumvi. Miezi michache baadaye anafungua kitabu cha kidato cha kwanza, na vitu vile vile alivyovijua vimevaa majina asiyoyatambua. Anabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, wa somo na wa lugha. Wengine husema mtoto huyo hana kichwa cha sayansi. Wanakosea, kwa sababu hajaupata hata wasaa wa kukutana na sayansi yenyewe.

Si kwamba Kiswahili hakikuandaliwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Istilahi zilipatikana, ila vitabu vya kuzitumia ndivyo vilivyokosekana, kwa kuwa hakuna mchapishaji atakayechapa kitabu kisichotahiniwa.

Biashara ya vitabu nayo imepita mabonde na milima. Sera ya mwaka 1991 iliruhusu wachapishaji binafsi kuingia katika vitabu vya shule, vilivyokuwa mikononi mwa mashirika ya umma. Baadaye ikaundwa kamati ya kuvipa ithibati vitabu hivyo. Mwaka 2013, baada ya makosa katika vitabu kupigiwa kelele bungeni, kamati hiyo ilivunjwa, na kazi ya kuandika vitabu vya kiada ikarudi kwa Taasisi ya Elimu. Katikati ya hayo, mpango wa sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizaa shule za kata, na ilipofika 2010 nchi ilikuwa na shule za sekondari zaidi ya 4,000. Nyingi zilianza bila maabara. Katika shule isiyo na maabara, kitabu ndicho kinachobeba karibu kazi yote.

Je, kitabu kinaweza kuubeba mzigo huo? Kinaweza, kama kinayajua mazingira ya msomaji wake. Njombe imejaa Kemia. Pale Kibena, kampuni ya miwati iliyoanzishwa mwaka 1949 hutoa katika magome ya miti hiyo dawa ya kulainishia ngozi, na kila gome linalochemshwa ni somo la kutenganisha michanganyiko. Ulanzi uliogemwa leo ukiwa mtamu, kesho yake huwa mkali, kwa sababu chachu imegeuza sukari kuwa kileo. Na katika baridi kali ya Juni na Julai, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Mkaa usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na baadhi yao hawaamki. Somo la kuungua kwa vitu limo katika Kemia ya kidato cha kwanza. Mtoto aliyelielewa angeweza kuiokoa familia yake. Aliyelikariri kwa lugha asiyoielewa atajibu swali la mtihani, kisha jioni ataingiza jiko ndani.

Kwa hiyo, mzazi anayechagua kitabu asidanganywe na unene wala rangi ya jalada. Kwanza, ahakikishe kinafuata mtaala unaotumika, na kama ni cha kiada, kimetoka Taasisi ya Elimu, ambayo vitabu vyake husomeka pia katika maktaba mtandao yake. Pili, atazame kama kila neno jipya linaelezwa kwa maneno mepesi linapotokea mara ya kwanza. Tatu, atazame kama kuna majaribio yanayoweza kufanywa kwa chumvi, majivu, siki, msumari na maji. Nne, ampe mtoto ukurasa mmoja asome, kisha amwombe aueleze kwa Kiswahili. Akiweza, kitabu hicho ni chake. Asipoweza, atafutiwe chepesi zaidi, na ikiwezekana kamusi ya kuweka kando yake. Vijitabu vya maswali na majibu ya mitihani iliyopita visiwe kitabu cha kwanza. Hivyo ni vya kumpima aliyekwisha kujifunza.

Walimu nao wana sehemu yao. Kumweleza mtoto jambo kwa Kiswahili, kisha kumpa jina lake la Kiingereza, hakumvunjii mwalimu heshima. Na waandishi wa vitabu wakumbuke kwamba Bibi Marcet na Profesa Mendeleev walianza kwa kumfikiria anayeanza.

Pendekezo la Tume ya Makweta lilikataliwa, lakini swali lililokuwa ndani yake halijajibiwa: je, tunamfundisha mtoto Kemia, au tunamfundisha majina ya Kemia? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa kidato cha kwanza ndiye huyo samaki mbichi, na kitabu cha kwanza ndicho mkono unaomkunja.