Kujifunza Kabla ya Kuuza: Habari za Ushirika wa Antigonish

Ndugu wanachama, chama kinapotimiza miaka kumi ni desturi kuhesabu magunia yaliyouzwa, maghala yaliyojengwa na fedha zilizowekwa akiba. Hesabu hizo ni za lazima. Lakini yafaa pia tuutazame ushirika wa watu wengine walioanza katika umaskini, tupate kujua ni kitu gani hasa kilichowainua. Habari nizielezazo hapa ni za wavuvi, wakulima na wachimba makaa ya mawe wa mashariki ya Nova Scotia, jimbo la Kanada lililo kando ya bahari ya Atlantiki.

Katika miaka ya 1920 mvuvi wa pwani ile alikuwa na mashua, nyavu na nguvu za mikono yake. Bei hakuwa nayo. Tajiri mnunuzi ndiye aliyemkopesha nyavu, chumvi na unga mwanzoni mwa msimu, naye ndiye aliyepanga bei ya samaki msimu ulipokwisha. Mizani ilikuwa yake, na daftari lilikuwa lake. Aghalabu mvuvi alifunga mwaka akiwa angali mdaiwa, akaanza mwaka mwingine na deni lile lile. Meli kubwa za kukokota nyavu nazo zikaja kumpunguzia samaki. Vijana wengi wakakata tamaa, wakahamia Boston na miji mingine ya Marekani. Mkulima akumbukaye siku za walanguzi hahitaji kuelezwa zaidi.

Katika mji wa Antigonish palikuwa na chuo cha Kikatoliki, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Fransisko Xavier. Mmoja wa wakubwa wake, Padre James Tompkins, alishikilia kwamba elimu ya chuo si mali ya wachache. Mwaka 1921 chuo kilifungua Shule ya Watu, na wakulima na wafanyakazi wakapokelewa bila kuulizwa vyeti. Mwishoni mwa mwaka 1922, baada ya kuhitilafiana na askofu wake juu ya mpango wa kuunganisha vyuo, Padre Tompkins alipelekwa kuwa paroko wa Canso, bandari maskini ya wavuvi. Huko hakuanza kwa kutoa sadaka. Alitembea gatini na majumbani akiuliza maswali: Samaki huyu umemwuza kwa kiasi gani? Huko mjini anauzwaje? Tofauti imekwenda wapi?

Tarehe 1 Julai, 1927, Kanada ilisherehekea miaka 60 ya muungano wake. Wavuvi wa Canso walikusanyika wakasema kwamba wao hawana la kusherehekea. Kilio chao kilienea, na Serikali ikaunda tume ya kuchunguza hali ya uvuvi. Mmoja wa waliotoa ushahidi mbele ya tume hiyo alikuwa binamu yake Tompkins, Padre Moses Coady, mtoto wa mkulima kutoka bonde la Margaree. Mwaka 1928 chuo kiliunda Idara ya Elimu ya Watu Wazima, na Padre Coady akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Kisha alizunguka vijiji vya pwani akiwaunganisha wavuvi, hata mwaka 1930 kikazaliwa chama chao kikuu, United Maritime Fishermen.

Utaratibu wao ndio wenye faida kwetu. Kwanza uliitishwa mkutano mkubwa wa kijiji, watu wakaamshwa. Baada ya hapo waligawanyika katika vikundi vidogo vya majirani, wakakutana kila juma nyakati za baridi, mara nyingi jikoni kwa mmoja wao. Chuo kiliwapelekea vijitabu, na Masista wa Mtakatifu Martha walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Aliyejua kusoma aliwasomea wenziwe. Walijifunza hesabu, namna ya kuendesha mkutano, na safari ya bidhaa toka kwa mzalishaji mpaka kwa mlaji. Ndipo walipoamua: hapa tufungue duka, hapa kiwanda, hapa chama cha akiba na mikopo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 vikundi vilikuwa vimezidi 1,000.

Matunda yalionekana. Wavuvi wa Little Dover, kijiji jirani na Canso, walijenga kwa mikono yao kiwanda cha kusindika kambakoche. Mwaka 1932 Nova Scotia ilipata sheria ya vyama vya akiba na mikopo, na watu waliodhaniwa hawana kitu wakaanza kuweka senti zao pamoja. Huko Reserve Mines, alikohamia Padre Tompkins mwaka 1935, wachimba makaa walijifunza kwanza ujenzi na hesabu ya mikopo. Mwaka 1938 familia 11 zilikuwa na nyumba zilizojengwa kwa ushirika.

Mapadre hawa walisukumwa na imani yao na mafundisho ya Mapapa juu ya haki ya wafanyakazi, yaliyotolewa mwaka 1891 na mwaka 1931. Lakini hawakuweka mlango wa dini katika ushirika. Wakatoliki na Waprotestanti waliuza samaki katika chama kimoja, na kila mwanachama alikuwa na kura moja.

Hata hivyo, si haki kusimulia ushindi peke yake. Vyama vilipokuwa vikubwa, kazi ikawa ya mameneja na makarani, na vikundi vya kujifunza vikafifia. Wanachama wengi wakabaki wauzaji na wanunuzi tu. Katika miaka ya 1980 chama kikuu cha wavuvi kilianguka. Sababu zilikuwa nyingi, za samaki, za masoko na za madeni. Lakini mwanachama asiyezoea kusoma hesabu za chama chake huijua hatari siku inapokwisha kufika.

Padre Coady alifariki mwaka 1959, na mwaka huo huo chuo kikaanzisha taasisi yenye jina lake, ambako viongozi wa vijiji kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wamekwenda kusoma. Nasi hatukuwa wageni wa ushirika: mwaka ule ule wa 1932 Tanganyika ilipata sheria yake ya vyama vya ushirika, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaunda KNCU.

Basi, ndugu wanachama, tujiulize. Katika mkutano mkuu wetu, ni wangapi wanaoinua mkono kupitisha hesabu walizozisoma? Ni wangapi wajuao kilo moja ya mazao yao inakatwa nini toka ghalani mpaka sokoni? Wavuvi wale walitumia miezi ya baridi kujifunza. Sisi tunayo majuma ya baada ya mavuno. Kila chama cha msingi na kifanye vikundi vya majirani kumi kumi, na halmashauri iwapelekee hesabu za chama kwa Kiswahili chepesi mapema kabla ya mkutano. Ghala tunalo na mizani tunayo. Daftari nalo ni letu. Imebaki tulifungue na kulisoma.