Mategemeo ya programu: neno na kazi yake

Programu ya wavuti haisimami peke yake. Mfumo wa kusajili wagonjwa wa zahanati ulioandikwa kwa Django unaitegemea Django. Django inaitegemea Python. Python nayo inategemea maktaba za Linux, kama OpenSSL inayolinda siri za mawasiliano. Kila kimoja kati ya hivyo Waingereza hukiita "dependency", Wareno "dependência", na sisi tumezoea kuandika "utegemezi". Naona tumekosea upande.

Utegemezi ni hali ya anayetegemea. Fundi wa seva, anapotaja neno lile la Kiingereza, anataja kile kinachobeba. Kitu hicho kwa Kiswahili ni tegemeo, wingi wake mategemeo. Dada anayelisha nyumba nzima ni tegemeo la familia. Wategemezi ni wale wanaokula kwa jasho lake. Ukiita maktaba tegemeo, msomaji anajua mara moja mzigo umelala wapi.

Kaskazini mwa Cabo Delgado, nchini Msumbiji, tofauti hiyo inajulikana kwa uchungu. Awasse ni mahali pa njia panda wilayani Mocímboa da Praia, na hapo ndipo kilipo kituo cha kupoza umeme kilichokuwa kikilisha Mocímboa, Palma, Mueda, Nangade na Muidumbe. Kituo kilipoharibiwa vitani mwaka 2020, wilaya zote tano zilikosa umeme. Mueda iko juu kwenye uwanda, mbali na pwani, lakini ilizimika kwa jambo lililotokea Awasse.

Wanaoandika JavaScript walipatwa na jambo la sura hiyo tarehe 22 Machi 2016. Azer Koçulu aliondoa vifurushi vyake kwenye ghala la npm, kimojawapo kikiwa left-pad, chenye mistari 11 tu ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mingi duniani ikagoma kujengwa. Wengi wa wenye miradi hiyo hawakuwahi kuliona jina left-pad, maana kifurushi hicho kilikuwa tegemeo la tegemeo lao. Npm ilikirudisha kifurushi ndani ya saa chache.

Kwenye seva ya Debian mategemeo yana milango miwili. Ya mfumo huletwa na apt. Ya programu yako huletwa na pip au npm. Usiyachanganye. Python ya mfumo inatumiwa na zana za Debian zenyewe, na ukiibadilishia maktaba kwa pip unaweza kuvunja zana usiyojua kwamba inazitegemea. Tangu Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, pip kwa kawaida inakataa na kukuandikia externally-managed-environment. Tii katazo hilo: tengeneza mazingira ya pekee kwa python3 -m venv, usakinishe humo.

Kisha yaandike matoleo yote kwa pip freeze > requirements.txt, ili seva ya kesho ifanane na ya leo. Kuyafunga matoleo hakukuondolei wajibu wa kuyafuatilia. Machi 2024 mwanaprogramu Andres Freund alipogundua mlango wa siri ndani ya zana ya kubana data iitwayo xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, mwenye orodha ya vilivyomo kwenye seva yake, vikiwemo vya apt, alijua papo hapo kama yumo hatarini.

Na seva ikiwa mahali ambapo umeme na intaneti havina uhakika, mategemeo yawekwe karibu nayo. Ukiwa mjini Pemba, huko huko Cabo Delgado, penye mtandao, pip download -r requirements.txt -d ghala hupakua vifurushi vyote, pamoja na mategemeo ya mategemeo. Beba folda hiyo kwenye flashi, na ukifika Awasse andika pip install --no-index --find-links=ghala -r requirements.txt. Kabla ya kuondoka, hakikisha kompyuta ya Pemba ina toleo lilelile la Python na aina ileile ya prosesa kama seva. Vinginevyo pip huenda ikazikataa faili ulizosafiri nazo.