Umeme wa Zambezi Ulikuwa Mikononi mwa Nani?

Mto Zambezi waanzia kaskazini-magharibi ya Zambia, wapita Angola, warudi Zambia, kisha wawa mpaka wa Zambia na Zimbabwe kabla ya kuingia Msumbiji na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Urefu wake wakaribia kilomita 2,700. Meli za baharini haziwezi kuupanda hadi bara. Maporomoko ya Cahora Bassa yalimzuia Livingstone mwaka 1858. Faida yake kubwa ni umeme.

Bwawa la Kariba, lililojengwa kati ya 1955 na 1959, liliwahamisha Watonga wapatao 57,000. Mnamo Septemba 1958, katika nchi ya Chifu Chipepo, polisi wa kikoloni waliwafyatulia risasi wanavijiji waliokataa kuhama, wakawaua wanane. Polisi asikiaye habari hiyo ana haki ya kujiuliza amri ile ilimlinda nani.

Umeme wenyewe ulihitajiwa sana na migodi ya shaba ya upande wa kaskazini. Lakini mitambo ikawekwa ukingo wa kusini. Ubaya wa uamuzi huo ulidhihirika Novemba 1965, Ian Smith na walowezi wenzake walipojitangazia uhuru. Zambia, nchi huru, ikajikuta swichi ya migodi yake imeshikwa na adui. Iliiomba Uingereza ipeleke askari Kariba. Uingereza ilileta ndege za kivita Zambia. Askari wa kuukalia ukingo wa kusini haikuwapeleka. Ikabidi Zambia ijenge kituo chake ukingo wa kaskazini, kikaanza kazi katika miaka ya 1970.

Huko Msumbiji, Wareno walianza bwawa la Cahora Bassa mwaka 1969, umeme wake mwingi ukikusudiwa kwa Makaburu. Wapiganaji wa FRELIMO walizishambulia njia za kupelekea vifaa, lakini bwawa lilikamilika. Baada ya uhuru wa 1975 likaja jambo jingine: katika miaka ya 1980 RENAMO walizilipua nguzo za umeme, na kwa miaka mingi mitambo mizima haikuwa na pa kupeleka umeme wake. Kulinda bwawa ni kazi ya kikosi kimoja. Kulinda nguzo zilizotapakaa porini kwa mamia ya kilomita ni kazi nyingine kabisa.

Na hisa nyingi zilibaki kwa Ureno. Msumbiji ilizichukua mwaka 2007, miaka 32 baada ya kupandisha bendera yake.