Towashi, Jogoo na Sindano

Ndugu Mhariri ameniomba niandike historia, nami nimechagua jambo ambalo wazee wa rika langu hulinong'ona barazani: kwamba ipo sindano ya homoni ya kiume inayoondoa huzuni.

Wenyeji wa Unguja walilijua nusu ya jambo hili zamani. Aliyetaka ng'ombe mtulivu wa kuvuta gari alimhasi dume, akawa maksai. Binadamu nao walitendewa hivyo. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, anawataja matowashi wa majumba ya baba yake katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886. Walikuwa watumwa, waliohasiwa ili waaminiwe kuingia kwa wanawake.

Mwaka 1849, huko Göttingen, Ujerumani, Berthold aliwahasi majogoo wachanga. Wale aliowapandikizia korodani tumboni walikua wakiwika na kupigana kama kawaida. Mwaka 1889 Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius katika bahari yetu hii, akiwa na miaka 72, alijidunga maji ya korodani za wanyama, akawatangazia wenzake wa Paris kwamba nguvu zimemrudia. Maji yale hayakuwa na homoni ya kutosha hata kidogo. Alichokipata ni imani yake tu! Testosteroni yenyewe ilipatikana ikiwa safi mwaka 1935, mjini Amsterdam.

Je, huondoa huzuni? Mwaka 2016 Wamarekani walitoa matokeo ya wanaume 790, wa miaka 65 na kuendelea, wenye upungufu uliopimwa. Waliopakwa dawa kwa mwaka mmoja walichangamka kidogo kuliko wenzao. Hamu ya ndoa ndiyo iliyozidi. Utafiti mwingine wa mwaka 2023, wa watu zaidi ya 5,000, ulionyesha kwamba damu kuganda mapafuni na moyo kwenda mrama vilitokea zaidi kwa waliotumia dawa. Nanyi vijana mlioko madarasani, jueni kuwa dawa hii huzuia mwili kutengeneza mbegu za uzazi.

Nimeyafuatilia haya kwa sababu yangu. Nilipostaafu ualimu nilinyamaza nyumbani karibu mwaka mzima, hata mke wangu akadhani nimemkasirikia. Rafiki mmoja, tuliyesoma naye, akanihimiza nitafute sindano. Daktari alikataa kunidunga kabla ya kunipima damu, asubuhi, mara mbili. Homoni ilikuwa ya kutosha. Nilikuwa na maradhi ya huzuni, nikatibiwa hayo. Yule rafiki naye akaenda kupima. Yeye alikutwa na upungufu kweli, na sasa anadungwa. Anasema usingizi na hamu vimerudi, ila ukali wake kwenye bao uko vile vile.